Mikono Shingoni

Jumatatu, 14 Julai

Madaftari ya Darasa la Tatu bado hayajaisha. Nimesahihisha nusu, nusu yamelala mezani. Kugawanya kunawashinda. Kesho narudia somo lote.

Muhogo niliouanika unakauka vizuri. Vumbi ndilo linaniudhi. Kila lori likipita natoka kuufunika.

Deusi amechelewa kufunga. Duka lake ni chumba kimoja tu hapa Runazi, karibu na mashine ya kusaga. Anatengeneza simu, anachaji betri, anawawekea watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Zamani walitaka za ngumi na za kuchekesha. Sasa wanaume wanataka za wakubwa. Wakifika wananong'ona, "zile," naye anajua. Anasema biashara ni biashara. Lakini na yeye anaziangalia. Siku hizi simu yake inalala chini ya mto.

Wiki iliyopita, tukiwa kitandani, aliniwekea mkono shingoni. Nikautoa. Akacheka, akasema kwenye filamu wanawake wanapenda. Nikamwambia mimi siko kwenye filamu. Tukalala. Naandika kwa sababu bado linanisumbua.

Alhamisi, 17 Julai

Amejaribu tena. Kidogo, vidole tu. Nikamwambia sipendi. Akaacha, akanuna.

Tumeoana miaka minne. Deusi si mkali. Hajawahi kunipiga hata kofi. Mwanetu Anita akiugua yeye ndiye anayembeba mpaka zahanati. Ndiyo maana silielewi jambo hili. Mtu mpole, anaiga watu asiowajua hata majina.

Nimemuuliza, wenzako wanafanya hivyo? Akasema wote wanafanya. Umejuaje? Akageukia ukutani.

Leo ugali uliungua. Akili haikuwa jikoni.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Deusi amewaambia majirani nina malaria.

Ni jana mchana. Anita alikuwa kwa bibi yake, kijiji cha Nyarubungo. Tulikuwa wawili nyumbani, tumekula, tunapumzika. Ilianza vizuri. Na mimi nilitaka. Kisha mikono yake yote miwili ikaja shingoni. Nikamshika viganja nimwondoe. Akadhani nacheza, kwa sababu huko kwenye filamu mwanamke naye anashika hivyo hivyo. Nilitaka kusema acha. Sauti haikutoka. Masikio yakavuma. Halafu hakuna kitu.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, uso umelowa maji. Nilikuwa nimejikojolea. Deusi analia, ananiita Jeneroza, Jeneroza. Siku zote mimi kwake ni Mama Anita.

Sijui nilipotea kwa muda gani. Anasema kidogo tu. Uso wake haukusema kidogo.

Leo kumeza kunauma. Sauti imekuwa nzito, inakwaruza. Machoni nina vidoti vyekundu. Shingoni karibu hakuna kitu, alama nyembamba mbili tatu, mtu asiyejua hawezi kuziona. Nilidhani jambo kubwa kama lile lingeacha alama kubwa.

Ameniomba tusimwambie mtu. Nimekubali. Ni aibu. Nianzie wapi kueleza? Zahanatini kuna Nesi Winfrida, tunaimba naye kwaya moja.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda shule na mtandio shingoni. Joto lote lile. Sauti ilikauka kabla ya mapumziko. Watoto wakadhani nawanong'oneza kwa makusudi, nao wakaanza kunong'ona. Darasa zima. Ningecheka kama kucheka kusingeuma.

Mwalimu Salome, jirani yangu wa meza ofisini, aliniuliza.

"Koo?"

"Koo."

"Kunywa limau na asali."

Nimekunywa. Haijasaidia.

Deusi ameosha vyombo, amechota maji, amepika. Hatuangaliani machoni.

Jumatano, 23 Julai

Kichwa kinauma upande wa kulia. Kinaanzia nyuma ya sikio, kinashuka shingoni. Panadol haifui dafu.

Nimejiangalia kwenye kioo muda mrefu. Jicho la kulia ni dogo kuliko la kushoto. Kope imeshuka. Nimemwita Deusi aangalie. Kasema ni usingizi, nimechoka. Alisema haraka mno. Anaogopa.

Nami naogopa. Nimemwambia twende hospitali Biharamulo. Akauliza tutasema nini. Tukabaki tumekaa, kila mtu na sahani yake.

Ijumaa, 25 Julai

Mama mkwe amekuja kumrudisha Anita. Nilimwamkia shikamoo, kabla hata hajaitikia akanikamata kidevu.

"Marahaba. Sauti gani hiyo? Fungua mdomo."

Nikafungua. Akachungulia kwa mwanga wa mlangoni.

"Kimeo," akasema. "Kimerefuka. Nilijua tu Deusi aliposema koo."

Kwao kimeo ndicho chanzo cha kila kitu cha kooni. Kile kinyama kinachoning'inia ndani, wanasema kikirefuka kinamwua mtu. Kuna mzee kule Nyarubungo anakikata. Amewakata watoto wa ukoo wote, hata Deusi alipokuwa mdogo. Mama amepanga. Kesho asubuhi twende.

Nilimwangalia Deusi aseme neno. Akasema, "Sawa, mama."

Nina hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo. Ana njia ya kuniokoa na kisu kwa sentensi moja tu, na hiyo sentensi hawezi kuitoa. Na mimi je? Pia siitoi.

Ninafundisha sayansi. Nawaambia watoto wasikubali kukatwa kimeo. Kesho nakwenda kukatwa.

Jumatatu, 28 Julai

Mwanza. Hospitali ya rufaa. Naandika nikiwa nimelala, daftari liko tumboni. Mkono wa kulia uko sawa. Wa kushoto uko kando yangu kama wa mtu mwingine.

Niandike kwa mpangilio, kichwa kisije kikasahau.

Jumamosi tulikwenda kwa yule mzee. Mimi, mama, Anita, Deusi. Mzee ana adabu, nyumba yake safi. Alituketisha, akatoa kifaa chake kutoka kwenye kitambaa. Chuma kirefu, ncha imepinda. Akasema kinauma kidogo tu. Akaniambia nipanue mdomo.

Nilikuwa nimempakata Anita mkono wa kushoto. Ghafla naona mtoto anateleza. Naona, lakini sihisi. Mkono umeachia wenyewe. Mama akamdaka kabla hajagonga sakafu.

Nikafunga mdomo. Nikajaribu kusimama, mguu wa kushoto ukawa mzito.

"Sina kimeo," nikasema. Maneno yalitoka yamepinda. "Nilikabwa shingo."

Mama akageuka. "Na nani?"

Nikamwangalia Deusi. Alikuwa mlangoni.

"Mimi, mama," akasema. "Niliona kwenye filamu. Sikuwa na hasira naye. Nilidhani ni mapenzi."

Mama hakuelewa. Akauliza tena, filamu gani, mapenzi gani. Mzee ndiye aliyeelewa haraka. Alikifunga kifaa chake kwenye kitambaa, akasema yeye huyu hamgusi, tafuteni gari sasa hivi.

Tulipata Probox ya kukodi. Deusi alinishika kichwa njia nzima kisichezecheze. Mama alikaa mbele na Anita, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Biharamulo tukapokewa na daktari wa kike, mdogo kwangu nadhani. Aliniangalia jicho, akaniambia nikunje ngumi, nitabasamu, niinue mikono. Mkono mmoja ukapanda, mmoja ukabaki. Akamwambia Deusi atoke nje. Deusi akataka kueleza. Daktari akasema, "Utaeleza baadaye. Sasa nataka kumsikia mkeo."

Mlango ulipofungwa nikasema yote. Sikuficha hata kujikojolea. Nilidhani atacheka au atashangaa. Hakufanya hivyo. Aliuliza maswali kama anavyouliza mtu wa malaria. Nilizimia? Sauti ilibadilika lini? Kope ilishuka lini? Ni mara ya ngapi? Nilikuwa nimekubali? Nikajibu hapana, nilikwisha kumwambia sipendi.

Akaandika. Kisha akasema nina haki ya kupewa PF3, ile fomu ya polisi, na kuna dawati pale kituoni la akina mama na watoto. Nikasema sitaki polisi. Akasema sawa, ni uamuzi wangu, na nikibadili mawazo hata kesho mlango uko wazi. Akauliza kama naogopa kurudi nyumbani na mume wangu.

Nililia. Sikuwa nimelia tangu siku aliponikaba.

Gari la wagonjwa likanileta Mwanza usiku huohuo. Watu wanasifu daraja jipya la ziwani. Nimelipita nimelala chali. Nimeona dari ya gari tu.

Jumatano, 30 Julai

Nimepigwa picha ya shingo na kichwa. Mashine kubwa, unaingizwa kama mkate kwenye oveni. Majibu yametoka leo.

Mshipa mkubwa wa damu, upande wa kulia wa shingo, umechanika kwa ndani. Nje hauvuji. Ngozi ya ndani ndiyo iliyopasuka, damu ikaganda hapo, kipande kikapanda kichwani. Kiharusi. Kidogo, anasema daktari, lakini ni kiharusi. Nina miaka ishirini na tisa. Nilidhani kiharusi ni cha wazee wenye presha.

Dawa za kuzuia damu isigande. Miezi kadhaa. Na mazoezi ya mkono.

Daktari huyu ni mzee, anaongea polepole. Aliniuliza kama mume wangu aingie asikie. Nikasema aingie. Nilitaka asikie akiwa amesimama mbele yangu.

Deusi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamtafuna siku zote hizi.

"Daktari, kama ningebana kidogo? Si kwa nguvu vile?"

"Hakuna kidogo iliyo salama," daktari akasema. "Jishike hapa." Akamwonyesha pembeni ya koo. "Unasikia mshipa unavyodunda? Uko karibu na ngozi. Hauhitaji nguvu nyingi. Na unayembana hawezi kukwambia acha, kwa sababu sauti ndiyo ya kwanza kuondoka. Anaweza kufa hapo hapo. Anaweza kuamka, akacheka, akapooza wiki ijayo."

"Wale kwenye filamu wanaamka. Wanatabasamu."

"Wale wanaigiza. Wako kazini. Picha inakatwa, inarudiwa. Akiumia mtu hawakuonyeshi. Wewe umeona mwisho wa filamu, hukuona mwisho wa yule dada."

Deusi alijishika shingo muda mrefu baada ya daktari kuondoka. Vidole viwili, pale pale alipoonyeshwa.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nimemchukia.

Ameniletea uji, amenipangusa mdomo, amekunja shuka. Manesi wanamsifu. Mume mzuri huyo, dada, hachoki. Nilitaka kupiga kelele. Sauti bado haina nguvu ya kelele.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliniuliza nimepatwa na nini. Nikasema presha. Kwa nini nasema presha? Nani ninayemlinda?

Mazoezi. Kuokota mbegu za maharage kwenye bakuli, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Nimeokota, zikaanguka, nimeokota. Mtoto wa chekechea angenishinda. Mwalimu wa mazoezi anasema mkono utarudi. Hakusema wote.

Jioni nilimwambia Deusi. Nilisema nilikwambia sipendi, ulisikia, ukafanya. Sio filamu iliyonikaba. Filamu haina mikono.

Hakujitetea. Akasema, "Ni kweli." Akatoka nje ya wodi. Kupitia dirishani nilimwona amechuchumaa karibu na bomba la maji.

Hasira haikupungua. Lakini nililala.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumbani. Nimeruhusiwa jana. Safari imeniacha hoi.

Mama mkwe alikuwa ameshafagia, Anita ameoga, amevaa gauni la Jumapili. Mtoto alinikimbilia, kisha akasimama hatua mbili mbali, asinikaribie. Nadhani anakumbuka kuteleza. Nikakaa chini mkekani, akaja mwenyewe.

Mama alisubiri Deusi aende dukani. Akaniambia, bila kuniangalia, "Ningekukatisha kimeo." Nikamwambia hakujua. Akasema, "Mngeniambia." Nikasema ndiyo, tungekuambia. Tukamenya ndizi. Mimi nilimenya kwa mkono mmoja, yeye akashikilia upande wa pili.

Habari imesambaa. Kuna wanaosema Deusi alinipiga. Kuna wanaosema nimerogwa na mwalimu mwenzangu. Salome amekuja, akanieleza yote hayo, akanitaka nicheke. Nilimwambia ukweli. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia kwa hiari yangu, asiye daktari. Akasema, "Jeneroza, kumbe ungekufa." Akaanza kulia yeye. Nikambembeleza mimi mgonjwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ngumu.

Saa nne asubuhi amekuja Mama Jeni. Namfahamu kwa kuuziana nyanya tu, mwanamke kijana, mpole. Alileta nyanya. Alikaa, akazungumzia jua, akazungumzia bei ya mbegu. Sikuelewa amekuja kwa nini. Kisha akateremsha khanga begani.

Alama zile zile. Nyembamba. Mimi nazijua.

Alisema alisikia kwamba na mimi nina shida ya shingo. Mume wake ameanza tangu Pasaka. Anamwambia asiwe mshamba. Sasa kila akimeza anasikia kama kuna punje imekwama, na juzi alianguka karibu na kisima. Hajamwambia mtu. Aliuliza kama inapona yenyewe.

Nikamuuliza mume wake amejifunzia wapi.

Aliangalia chini. Nilielewa kabla hajajibu. Kadi aliijaza kwa Deusi.

Nimempeleka zahanati mwenyewe, polepole, tumeshikana mikono kama vipofu. Nesi Winfrida alitupokea. Nilikuwa namwogopa mwanakwaya mwenzangu huyu kuliko kiharusi. Alimpima, akasema kesho aende Biharamulo, asisubiri. Hakuuliza swali hata moja la kuaibisha. Wakati tunatoka akaniambia Mama Jeni siye wa kwanza kumwona na koo la namna hiyo mwaka huu. Wengine husema tonsilisi. Yeye huwaandikia dawa za tonsilisi, kwa sababu hawasemi.

Nimerudi na sina nguvu. Deusi bado hajarudi kutoka dukani. Nimekaa namngoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu. Duka limefungwa.

Nilimwambia jana mara alipoingia, kabla hajavua viatu. Sikutaja jina mwanzoni. Nilisema kuna mwanamke wa pili, na kadi imetoka kwako.

Alikaa kwenye kiti. Akauliza ni nani. Nilifikiri kama nina haki ya kusema. Mama Jeni alikuwa ameniambia, akimwambia mumewe mwenyewe atapigwa, labda mwanaume mwenzake angemsikia. Kwa hiyo nikasema.

Asubuhi ya leo Deusi alikwenda kwa Mama Jeni. Mume wake anaitwa Faustini, wanacheza naye mpira. Sikuwepo, naandika alivyonisimulia. Alimkuta anapiga tofali. Akamwambia yote: mimi kuanguka, mimi kupooza, picha ya Mwanza, mshipa. Faustini akasema usilete mambo ya chumbani kwako hapa. Deusi akamwambia hayo mambo yalitoka dukani kwangu, ndiyo maana nimekuja. Akamwomba ajishike shingo pembeni ya koo. Faustini akakataa. Wakabaki wamesimama kwenye udongo. Mwishowe akajishika.

Kesho anampeleka mke wake Biharamulo. Leo gari hakuna, sikukuu.

Deusi alivyorudi alikaa mkekani. Alisema, "Alinitukana kwanza." Nikasema vizuri, ulistahili. Hakukataa.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Jeni ameruhusiwa. Mshipa haujachanika. Uvimbe wa kooni, dawa, kupumzika, na daktari yule yule wa kike kazungumza na Faustini peke yake. Nimefurahi mpaka nimeona aibu, maana katika furaha kuna wivu. Yeye mzima. Mimi bakuli la maharage.

Deusi amefuta zile filamu zote kwenye kompyuta yake. Wateja wamekasirika. Mmoja alimwuliza kama ameokoka. Akasema hajaokoka, mke wake amepooza mkono. Wengine walicheka. Alisema mmoja hakucheka, alichukua simu yake akaondoka bila kuaga.

Wapo waliohamia duka la upande wa pili wa barabara. Huko zipo tele. Sijidanganyi kwamba tumemaliza kitu.

Sijui kama mwanamke anaweza kupenda jambo hilo. Pengine wapo. Mimi nilisema sipendi, na daktari anasema hata anayependa, mshipa wake ni ule ule. Hayo mawili nimeyashika.

Jumatano, 20 Agosti

Nimerudi darasani. Mwalimu mkuu kanipa vipindi vya asubuhi tu. Sauti imerudi, ina mkwaruzo kidogo kwenye herufi za mwisho. Watoto waliimba. Wa mbele aliniuliza kwa nini mkono wangu umelala. Nikamwambia uliumwa, unajifunza kazi upya. Akaridhika.

Nimeshika karatasi kwa kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kushoto! Iliteleza, lakini niliishika.

Mwalimu wa sayansi wa Darasa la Saba ananiomba nizungumze na wazazi siku ya kikao. Kuhusu kimeo, alisema. Nikamwambia nitazungumza kuhusu kimeo, na kuhusu shingo. Alikohoa. Akasema sawa, mwalimu.

Sijui nitasema kwa maneno gani mbele ya wakwe na mapadri. Nitayatafuta.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisani, kisha nyumbani. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa, lakini mvua bado.

Mama mkwe amemchukua Anita mpaka kesho. Tumebaki wawili, mara ya kwanza tangu ile siku. Nililijua hilo tangu asubuhi, na yeye alilijua. Tulikula. Nikaenda kujinyoosha kitandani, dawa zinanichosha. Alibaki sebuleni. Nilisikia kiti chake.

Baadaye akaja mlangoni. Akasimama pale.

"Naweza kukaa?"

Nikamwambia akae. Akakaa ukingoni, mbali. Nilimwambia niliyokuwa nimeyapanga muda mrefu. Kwamba bado namwogopa, sio kila saa, lakini mikono yake ikija karibu na uso wangu moyo unakimbia. Kwamba sijui hofu hii itaisha lini. Kwamba fomu ya polisi sijaichukua, lakini sijasahau kwamba naweza. Kwamba nikisema hapana, ni hapana, hata kama nimesema kwa kunyamaza.

Alisikiliza. Hakuahidi mambo makubwa. Alisema, "Nimesikia." Kisha akauliza kama anaweza kunishika mkono.

Nilifikiri. Nilichukua muda wangu.

"Bado," nikasema.

"Sawa."

Hakununa. Alikaa kidogo, akauliza kama nataka chai. Nikamwambia ndiyo, aweke tangawizi. Akaenda jikoni. Nilimsikia anapuliza mkaa.